Kula Taco kwenye Gari la Mtaani Los Angeles: Mwongozo kwa Asiyejua pa Kuanzia

Tumalize kwanza suala la jina. Wiki yangu ya pili Los Angeles nilimpigia mama simu Tanga nikamwambia jana usiku nimekula taco nne barabarani, tena nimesimama. Kimya. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nne za nani, mwanangu?" Tangu siku hiyo neno hili naliandika kwa c kama wenyewe wanavyoliandika, na nikisimulia nyumbani naanza na maelezo: kichapati cha mahindi chenye upana wa kiganja, juu yake nyama iliyokatwakatwa, kitunguu, kotimiri na ndimu. Jina linakuja mwisho.

Mtu aliyekulia mishkaki ya kona ameshajua sehemu kubwa ya shughuli hii. Anajua kula amesimama. Anajua kwamba moshi ndio bango la biashara. Kinachomkwamisha ni ubao wa majina ya Kihispania, na ile aibu ya mgeni aliyefika dirishani hajui aseme nini huku watu kumi wamejipanga nyuma yake.

Hatua ya 1: Chagua mtaa na saa

Magari haya hapa yanaitwa loncheras, na yana historia. Mwaka 1974 Raul Martinez alichukua gari kuukuu la kuuzia aiskrimu, akaligeuza jiko la taco na kuliegesha nje ya baa East Los Angeles. Biashara hiyo ndiyo ilikuja kuwa King Taco, yenye matawi mengi leo. Mpaka sasa, ukitaka kuanza vizuri, anza upande huohuo wa mashariki: East Los Angeles na Boyle Heights, kando ya barabara kama Olympic Boulevard na Whittier Boulevard. Pale mteja wa kawaida ni fundi aliyetoka kazini au mama aliyebeba mtoto, na muuzaji hapikii watalii.

Magari mengi ya taco ni ya jioni. Yanawasha taa magharibi, na Ijumaa na Jumamosi yanapika hadi usiku wa manane. Ila kuna vyakula vya asubuhi, hasa mwisho wa wiki: barbacoa (nyama iliyopikwa taratibu mpaka ikalainika), birria (nitaieleza mbele), na menudo, ambayo ni supu ya utumbo na inaliwa na waliokunywa pombe jana yake kwa imani ileile ambayo kwetu wanakunywa supu ya makongoro. Ukienda Jumanne saa nane mchana ukute gari limefungwa, usilalamike. Umekwenda saa ya watu kupumzika.

Hatua ya 2: Simama kando, usijipange bado

Dakika tano za kuangalia zitakuokoa. Tazama foleni: kama wenyeji wanasubiri kwa subira na wanaongea Kihispania, umefika. Tafuta karatasi yenye herufi kubwa A, B au C iliyobandikwa kwenye gari. Hiyo ni alama ya ukaguzi wa afya wa kaunti. Tazama kama vyombo vya salsa, yaani michuzi ya pilipili, vimekaa kwenye barafu au vinapigwa na joto. Tazama mikono: anayepokea pesa awe siye anayeshika nyama.

Sikiliza pia. Panga la taquero, mpika taco, likigonga ubao mfululizo, ta-ta-ta-ta, nyama inakatwa sasa hivi. Pakiwa kimya huku taco zinatoka, nyama ilikatwa zamani.

Vilevile utaona meza na majiko ya wasio na gari, wanaouza palepale kwenye njia ya waenda kwa miguu. Msomaji aliyewahi kumwona mgambo akipakia ndoo za mama lishe kwenye karandinga ataielewa habari yao bila kuelezwa sana. Mwaka 2008 kaunti ilijaribu hata kuwazuia wenye magari wasikae sehemu moja zaidi ya saa moja. Wateja wakatoa fulana za kutangaza kwamba carne asada, nyama ya kuchoma, si kosa la jinai, na mwaka huohuo hakimu akaitupa amri ile. Wa mezani walisubiri mpaka sheria ya jimbo ya 2018 ilipoondoa adhabu za jinai kwa wanaouza kando ya barabara. Baadhi ya taco bora nilizokula zilitoka kwenye meza hizo, ila hapo macho yako ndiyo mkaguzi.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma ubao

Habari njema: irabu za Kihispania ni zetu. A, e, i, o, u zinasomwa kama zilivyo, kwa hiyo ukisoma ubao kama unavyosoma Kiswahili utaeleweka kuliko Mmarekani aliyesoma lugha hiyo miaka minne. Rekebisha vitu vinne tu. J inatamkwa kama h, au kh ya "khanga" ya watu wa zamani. Ll inatamkwa kama y, kwa hiyo tortilla, kile kichapati, ni "tortiya". H haisomwi kabisa, horchata ni "orchata". Na qu ni k: quesadilla ni "kesadiya".

Sasa nyama, na hapa twende polepole.

Asada ni nyama ya ng'ombe ya kuchoma, iliyokatwa vipande vidogo. Pollo ni kuku. Hizi mbili ndizo za kuanzia kwa mwoga, na sina ubaya nazo, ila ukiishia hapo umekula nusu ya hadithi. Lengua ni ulimi wa ng'ombe, uliochemshwa mpaka ukawa laini kama siagi. Aliyekula ulimi kwenye sherehe za nyumbani ataiagiza bila kufikiri. Cabeza ni nyama ya kichwa na cachete ni shavu. Tripa ni utumbo mwembamba, na ukiuagiza sema "doradita" ili ukaangwe uwe mkavu na mkakamavu, maana ukiletwa laini utatafuna hadi kesho. Suadero ni nyama laini ya ng'ombe kati ya tumbo na mguu, inayoiva taratibu ndani ya mafuta kwenye sufuria pana yenye kibonge katikati kama mgongo wa kobe. Ninayoipenda kuliko zote ni hii.

Birria ni ya kwetu kabisa. Asili yake ni mbuzi, jimbo la Jalisco, aliyepikwa na pilipili kavu na viungo hadi nyama inaachana na mfupa. Watu wa Tijuana, mji wa mpakani, wakaanza kutumia ng'ombe, na mtindo huo ndio ulioenea Los Angeles. Pembeni unapewa kikombe cha mchuzi wake, consomé, unachovya taco humo. Supu na chapati ya asubuhi, basi, imevaa nguo nyingine.

Halafu al pastor. Utaiona kabla hujaisoma: mlima mwekundu wa nyama unaozunguka mbele ya moto, nanasi kichwani. Mlima huo unaitwa trompo, yaani pia, ile ya watoto ya kuchezea, na umbo lake ndilo. Pastor maana yake mchungaji, wa kondoo. Wekundu unatokana na pilipili kavu na achiote, mbegu za mzingefuri, mti uleule unaolimwa Kwale. Kama umbo la trompo linakukumbusha shawarma, hujakosea: wahamiaji wa Lebanoni walifika nao Puebla, Mexico, wakauza tacos árabes, taco za Kiarabu, na Wamexico wakabadilisha nyama na viungo. Muuzaji hodari hukata vipande vyembamba kwa kisu kirefu, anavipokea kwenye tortilla iliyo mkono wa pili, kisha anadokoa nanasi kwa ncha ya kisu likaruka na kutua juu ya nyama. Nimemwona mmoja akifanya hivyo huku anaongea na simu. Kama ubao unasema al pastor lakini nyama inakaangwa tu juu ya bamba la chuma, kula ukipenda, ila trompo hukuiona ikizunguka.

Majina mengine ni ya maumbo. Mulita ni tortilla mbili zenye nyama na jibini katikati. Torta ni mkate. Huarache ni kinyunya kirefu chenye umbo la kandambili, na jina lake maana yake ni kandambili. Burrito, tortilla kubwa ya ngano iliyoviringishwa na vyote ndani, iache mpaka siku nyingine. Itakushibisha kabla hujajifunza lolote.

Hatua ya 4: Kama huli nguruwe, soma hapa kabla ya kufungua mdomo

Jambo la kuchekesha ni kwamba ile shawarma ya Walebanoni ikifika Mexico ikawa nguruwe. Al pastor ni nguruwe. Carnitas ni nguruwe. Chorizo na longaniza, ambazo ni soseji, kwa kawaida ni nguruwe, na buche ni tumbo la nguruwe. Hayo ni rahisi kuyaepuka.

Kinachowapata watu ni mafuta. Maharage mara nyingi hupikwa kwa manteca, mafuta ya nguruwe, na tortilla za ngano pia huwa nayo. Tortilla za mahindi kwa kawaida ni mahindi na maji tu. Ile sufuria ya suadero niliyoisifia mara nyingine ina longaniza ndani yake, mafuta yamechanganyika. Na bamba la kukaangia ni moja kwa nyama zote.

Maswali ni mawili. "¿Es de res?" ni kuuliza kama ni ya ng'ombe. "¿Lleva manteca?" ni kuuliza kama ina mafuta yale. Hakuna atakayekasirika. Lakini kuwa ng'ombe si kuwa halali, na kwa anayeshika suala la kuchinja, njia iliyonyooka ni magari ya vyakula vya baharini, mariscos, ingawa hata huko uliza kuhusu mafuta ya kukaangia. Mariscos Jalisco, linaloegeshwa Olympic Boulevard kule Boyle Heights, limejipatia sifa kubwa kwa taco moja: kamba ndani ya tortilla iliyokunjwa na kukaangwa, juu salsa ya nyanya na parachichi. Magari ya nyama halali nayo yapo. Katika Ramadhani ya 2017, mji wa Santa Ana kusini mwa Los Angeles, lilianza jambo la kuleta magari ya taco nje ya misikiti yakiwa na nyama halali, Waislamu wakafuturu pamoja na majirani zao Walatino.

Hatua ya 5: Agiza kidogo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuagiza sita kwa mpigo, kwa hofu ya kurudi tena dirishani. Mbili nilizila moto. Nne zilizobaki zilipoa, mafuta yakaganda, tortilla ikawa kama karatasi ya kufungia maandazi ya jana. Taco ina uhai wa dakika chache. Agiza mbili au tatu, kula, rudi. Kurudi si aibu; wenyeji wote wanarudi.

Sentensi ni hii: "Me da dos de asada y uno de lengua, por favor." Nipe mbili za asada na moja ya ulimi. Badilisha namba na nyama utakavyo: uno, dos, tres. Atakuuliza "¿Con todo?", yaani na vyote? Vyote ni kitunguu na kotimiri, au dania ukiwa Mkenya. Jibu "sí". Akiuliza "¿Para llevar?" anataka kujua kama unabeba. Sema "para aquí", hapahapa.

Mwanamke mwite señora. Mwanamume watu humwita joven, kijana, hata awe na mvi, au jefe, bosi. Wewe uliyezoea kumwita kila muuza chipsi "bosi wangu" hapo huna la kujifunza.

Hatua ya 6: Salsa, na onyo moja zito

Kando ya gari kuna meza ndogo au rafu: vipande vya ndimu, figili zilizokatwa, karoti na pilipili za kuloweka kwenye siki, vitunguu vya kuchoma, na chupa au bakuli za salsa. Mara nyingi hivi ni bure, lakini bure ya kujitilia kidogo, si ya kujaza mfuko.

Nyekundu iliyokolea huwa na chile de árbol, pilipili nyembamba kavu, na inauma upesi. Kijani cha majimaji ni cha tomatillo, tunda linalofanana na nyanya changa lakini chachu. Rangi ya chungwa, ukiiona, ni habanero. Hiyo unaijua: ni ndugu wa damu wa pilipili mbuzi.

Onyo sasa. Kuna salsa ya kijani laini, nzito, inayong'aa. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiiona atasema ni parachichi. Nami nilisema ni parachichi. Nikaimwaga juu ya taco zote tatu kwa ukarimu wa mtu aliyekulia chini ya mparachichi, nikauma. Ilikuwa pilipili za jalapeño zilizopikwa na kusagwa na mafuta mpaka zikawa laini, hakuna parachichi hata kidogo. Machozi yalinitoka mbele ya watoto wa shule. Msichana mmoja wa miaka kama minane alinisogezea kinywaji chake cha horchata bila kusema neno, mama yake akageuka upande kuficha kicheko.

Kwa hiyo: tone moja kwenye ukingo wa sahani, onja, ndipo umimine. Wala usiamini kwamba kijani ni pole kuliko nyekundu.

Ndimu haina mjadala. Kamua kwenye kila taco.

Hatua ya 7: Kula

Utapewa sahani ya karatasi. Usiinue taco wima kuelekea mdomoni, itamwagika kwa nyuma. Ishike kwa kidole gumba na viwili vya mbele, inamisha kichwa upande, peleka mwili mbele ili kidevu kiwe juu ya sahani na shati liwe salama. Kiwiko juu. Utajiona mjinga mpaka utakapotazama pembeni uone watu wote wamekaa hivyohivyo.

Mara nyingi tortilla ni mbili kwa kila taco. Ya pili inashikilia mchuzi, na inadaka nyama inayoanguka. Ukimaliza ya kwanza una nusu taco ya ziada. Usiombe uma. Na kama kusimama kunakusumbua, ujue El Califa de León, kibanda cha taco cha Jiji la Mexico, kilipata nyota ya Michelin, heshima kubwa ya migahawa, mwaka 2024, na wateja wake wanakula wamesimama.

Hiyo tortilla inastahili kunuswa kabla ya kujazwa. Ni mahindi, lakini haina harufu ya ugali, na sababu ni chokaa. Punje huchemshwa kwenye maji ya chokaa, zikalala humo, ganda likalegea, zikaoshwa na kusagwa zikiwa bado na maji. Kazi hiyo, nixtamalización, inalifanya donge lishikane bila ngano na inaachilia vitamini ya niasini ambayo mwili hauwezi kuipata vizuri kwenye hindi lisilopitia chokaa. Mahindi yaliposambazwa duniani, chokaa iliachwa nyuma, na watu maskini waliokula mahindi matupu wakaugua pelagra, maradhi ya kukosa niasini, Ulaya hadi kusini mwa Marekani. Sisi tukaliita hindi kana kwamba lilitoka India. Lilitoka kusini mwa Mexico, lilikoanza kulimwa yapata miaka 9,000 iliyopita.

Jambo la adabu. Kwetu anayekula ndiye anayemkaribisha mpita njia: "Karibu chakula!" Hapa imegeuzwa. Anayepita au anayeondoka humwambia anayekula "provecho", yaani kikufae. Nilikuwa nawakaribisha watu wanaopita kwa Kihispania kibovu, nao wakinishangaa. Ukiambiwa provecho, jibu "gracias". Ukiondoka, waambie wanaobaki.

Hatua ya 8: Kinywaji

Kwenye ndoo za kioo kuna aguas frescas. Tamarindo ni juisi ya ukwaju, ladha ileile, sukari kidogo zaidi. Jamaica, "hamaika", ni choya, ile rosela nyekundu. Horchata ni mchele uliolowekwa, ukasagwa na kuchujwa, pamoja na mdalasini na sukari. Ndiyo inayozima moto wa ile salsa. Maji hayazimi, nimejaribu.

Ukiwa na nafasi tumboni, tafuta mkokoteni wa mahindi. Elote ni hindi zima lililopakwa mayonezi, jibini ya kusagwa, pilipili na ndimu. Kwangu mayonezi wanaweza kubaki nayo. Nasema "sin mayonesa" na napewa hindi, pilipili, chumvi na ndimu, kama pale barabara ya Ngamiani jioni. Kuna pia mwenye matunda, anayekata embe na tango akanyunyizia pilipili na ndimu. Hapo hata mwongozo huhitaji.

Hatua ya 9: Lipa

Taco moja mara nyingi ni kati ya dola 2 na 4. Beba noti ndogondogo. Magari mengi hupokea kadi, meza nyingi hazipokei. Acha dola moja au mbili kwenye kopo la bakshishi.

Kwenye magari kwa kawaida unalipa unapoagiza. Kwenye meza za kando ya barabara, mara nyingi unakula kwanza, unaongeza, unaongeza tena, kisha unakwenda kwa anayepokea pesa naye anakuuliza "¿Cuántos fueron?", zilikuwa ngapi? Anakuamini. Kwenye mishkaki vijiti vinabaki mezani vinakuhesabia. Taco haiachi kijiti. Hesabu kichwani tangu ya kwanza, pamoja na kinywaji, na ukisahau, taja namba kubwa.